Barua Pepe Iliyovurugika: Namna ya Kutambua Kasoro na Hatua za Kuchukua

Somo hili linamhusu kila mtumiaji wa huduma za mawasiliano anayepokea barua pepe kutoka benki, shule, mwajiri, hospitali au ofisi ya umma. Mara kwa mara barua hizo hufika zikiwa na alama zisizoeleweka: herufi za kigeni katikati ya neno la Kiswahili, alama za sawasawa zilizofuatwa na tarakimu, au ukurasa mzima wa herufi usio na nafasi hata moja. Baadhi ya wapokeaji huzifuta barua hizo. Wengine hukisia maana yake na kuendelea na malipo. Wengine hupeleka simu kwa fundi na kulipia kazi ambayo haikuhitajika.

Tunataka kuonyesha kwamba alama hizo hazitokei ovyo. Kila aina ya mvurugiko huacha dalili yake, na dalili hiyo humwonyesha mpokeaji ni wapi barua iliharibika na ni nani anayepaswa kuirekebisha. Baada ya kusoma somo hili, mtumiaji ataweza:

1. kutofautisha barua iliyosomwa vibaya na barua iliyopoteza maandishi yake;
2. kujua kama kasoro iko kwenye kifaa chake, kwa mtumaji, au kwenye seva ya mtoa huduma;
3. kujikinga asilipe fedha kwa kutegemea tarakimu zilizovurugika, na
4. kuwasilisha malalamiko yanayoweza kufanyiwa kazi.

Mfano wa kuanzia

Tumchukue mzazi ambaye mtoto wake amepangiwa shule ya bweni. Shule inamtumia maelekezo ya kujiunga kwa barua pepe. Karani wa shule ameandika mistari miwili ifuatayo:

Ada ya muhula: 450,000/=
70,000 za chakula zilipwe siku ya kuripoti.

Mzazi anafungua simu yake na kukuta mstari mmoja:

Ada ya muhula: 450,000/70,000 za chakula zilipwe siku ya kuripoti.

Hakuna herufi ya ajabu hapa. Maandishi yanasomeka, lakini maana imebadilika. Mzazi anaweza kudhani kwamba kuna viwango viwili vya kuchagua, au kwamba fedha zote hulipwa siku ya kuripoti. Kilichotoweka ni alama moja tu, ile ya sawasawa ambayo Afrika Mashariki tumezoea kuiandika baada ya kiasi cha fedha. Tutaeleza baadaye kwa nini alama hiyo inaweza kumezwa na mashine. Kwa sasa tunaomba msomaji ashike jambo moja: barua iliyovurugika inaweza kudhuru hata pale inapoonekana kusomeka.

Barua pepe husafirishwaje?

Mfumo wa kusafirisha barua pepe unaotumika hadi leo uliwekewa kanuni zake za msingi mwaka 1982. Wakati huo ulitegemea orodha ya herufi iitwayo ASCII, iliyotolewa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1963. Orodha hiyo ina nafasi 128 tu. Inatosha kwa herufi za Kiingereza, tarakimu na alama chache za uandishi. Haina herufi za Kiarabu wala za Kichina, na haina hata zile herufi za Kifaransa zenye alama juu yake.

Mwaka 1992 ulitolewa utaratibu uitwao MIME, uliowezesha barua pepe kubeba lugha nyingine, picha na viambatisho bila kubadilisha njia ya zamani. Utaratibu huo unafanana na kutuma mzigo kwa basi. Mtumaji hufungasha mzigo kwa namna inayokubalika njiani, hubandika lebo inayoeleza kilichomo na jinsi kilivyofungashwa, na mpokeaji huusoma mwongozo wa lebo na kufungua. Katika barua pepe, kazi ya kufungasha hufanywa na programu ya mtumaji, lebo hukaa kwenye sehemu ya juu ya barua ambayo kwa kawaida hufichwa, na kazi ya kufungua hufanywa na programu ya mpokeaji.

Mwaka huohuo wa 1992 ndipo ulipobuniwa pia mfumo wa UTF-8, ambao huweza kuandika herufi za takriban lugha zote za dunia na ndio unaotumiwa zaidi leo. Katika UTF-8, herufi za kawaida za Kilatini hubaki na namba zilezile za ASCII, na kila moja huchukua baiti moja. Herufi nyingine huchukua baiti mbili, tatu au nne.

Basi barua huvurugika katika hali tatu: lebo inapokosekana, lebo inapotaja kitu tofauti na kilichomo, au mzigo unapofunguliwa na kufungwa upya njiani bila uangalifu.

Kwa nini Kiswahili huficha kasoro

Tahajia ya Kiswahili sanifu haitumii herufi zenye alama juu au chini. Herufi zake zote zimo ndani ya ASCII. Kwa hiyo, barua ambayo ingekuwa haisomeki kabisa kama ingeandikwa kwa Kiarabu huweza kusomeka karibu yote inapoandikwa kwa Kiswahili. Huo ni unafuu, lakini pia ni mtego, kwa kuwa mpokeaji hupuuza dalili chache anazoziona.

Dalili hizo hujitokeza zaidi katika maneno yenye ritifaa, kama vile ng'ombe, ng'ambo na kung'oa. Simu na programu nyingi za kuandikia hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda bila kumwuliza mwandishi. Ritifaa iliyopinda haimo katika ASCII. Ndiyo maana neno moja huharibika katikati ya sentensi ambayo kwingine kote ni safi. Alama za kunukuu zilizopinda na vistari virefu huleta tatizo hilohilo.

Dalili na maana zake

*Dalili ya kwanza: "ng’ombe".* Hapa barua iliandikwa kwa UTF-8, lakini ikasomwa kwa orodha ya zamani ya kompyuta za Windows. Ritifaa iliyopinda huchukua baiti tatu katika UTF-8. Programu iliyokosea huzisoma baiti hizo kama herufi tatu tofauti, yaani â, € na ™. Kwa njia hiyohiyo, mtu anayeandikiana na ofisi za Bujumbura au Lubumbashi kwa Kifaransa huona "é" mahali penye "é". Maandishi hayajapotea, bali yamesomwa kwa kanuni isiyo yake. Dalili hii ina tiba.

*Dalili ya pili: "=20", "=3D" au "=E2=80=99".* Kuna njia ya kufungasha inayogeuza kila herufi isiyo ya kawaida kuwa alama ya sawasawa ikifuatwa na herufi au tarakimu mbili. Nafasi huwa =20, na alama ya sawasawa yenyewe huwa =3D. Mpokeaji akiziona alama hizo, ajue kwamba mzigo umefika bila kufunguliwa. Kiasi kilichoandikwa "450,000/=" kitaonekana "450,000/=3D". Tarakimu 3 iliyo hapo si sehemu ya fedha. Viungo vya tovuti navyo huharibika, kwa sababu vingi vina alama ya sawasawa ndani yake. Mtu akibofya kiungo cha namna hiyo, hukuta ukurasa usiofunguka.

Katika njia hiyohiyo, alama ya sawasawa inayokaa mwisho wa mstari ina maana maalumu: huiambia mashine kwamba mstari unaofuata ni mwendelezo wa uliotangulia. Hapo ndipo ulipotokea mkasa wa mzazi wetu. Mfumo wa shule ulibandika lebo ya njia hii ya kufungasha bila kuifungasha barua yenyewe. Mashine ya mpokeaji ikaona alama ya sawasawa mwisho wa mstari, ikaiondoa na kuiunganisha mistari miwili. Ilitii lebo. Kosa lilikuwa la aliyeibandika.

*Dalili ya tatu: ukuta wa herufi usio na nafasi.* Hii ni njia nyingine ya kufungasha, inayotumika zaidi kwa viambatisho. Kila baiti tatu hugeuzwa kuwa herufi nne, hivyo mzigo huongezeka kwa takriban theluthi moja. Ukuta huo ukianzia na "JVBERi0", kilichomo ni waraka wa PDF. Kwa kawaida kiambatisho ni kizima, ila lebo yake imepotea. Tunawatahadharisha watumiaji wasinakili ukuta huo na kuubandika kwenye tovuti yoyote inayoahidi kuufungua. Ndani yake inaweza kuwa taarifa ya benki au majibu ya hospitali, na mwenye tovuti ataipata.

*Dalili ya nne: amri za ukurasa na mistari ya lebo.* Mpokeaji huona alama kama "
" na "<p>" kati ya maneno, au mstari unaoanza na "Content-Type" juu ya barua. Kanuni ya barua pepe inasema kwamba mstari mtupu wa kwanza ndio unaotenganisha lebo na barua yenyewe. Programu ya mtumaji ikiweka mstari mtupu mapema mno, nusu ya lebo humwagikia ndani ya barua. Kasoro hii huonekana sana katika barua zinazotumwa na mifumo ya kujiendesha, kama vile ankara na taarifa za usajili. Mpokeaji hana la kurekebisha kwenye kifaa chake.

*Dalili ya tano: alama ya mshangao katikati ya neno, au neno lililokatwa.* Kanuni za barua pepe haziruhusu mstari mmoja kuzidi herufi 998. Mifumo mingine hutengeneza barua nzima kuwa mstari mmoja mrefu. Seva inayopokea mstari huo huukata, na baadhi ya programu za seva huweka alama ya mshangao mahali pa kukatia. Ikiwa mkato umeangukia kwenye namba ya akaunti au kiungo, namba au kiungo hicho hakifai tena.

*Dalili ya sita: kiambatisho kiitwacho "winmail.dat".* Hiki hutoka kwa watumaji wanaotumia Outlook ya Microsoft ikiwa imepangwa kutuma kwa mtindo wake wa pekee. Programu nyingi nyingine haziwezi kukifungua. Mtumaji aombwe kubadilisha mpangilio wake na kutuma tena kwa mtindo wa kawaida.

*Dalili ya saba: alama za kuuliza, almasi nyeusi na miraba mitupu.* Dalili hizi tatu hufanana, lakini maana zake hutofautiana. Mraba mtupu humaanisha kwamba kifaa hakina umbo la herufi hiyo, na barua yenyewe ni nzima. Almasi nyeusi yenye alama ya kuuliza ndani yake humaanisha kwamba programu imeshindwa kuitambua baiti fulani. Huenda programu nyingine ikaitambua, kwa hiyo inafaa kujaribu. Mfululizo wa alama za kuuliza za kawaida, kama "?????" mahali pa jina la Kiarabu, kwa kawaida humaanisha kwamba mfumo uliotangulia ulitupa herufi na kuweka alama hizo badala yake. Hakuna programu, fundi wala mpangilio wa simu utakaozirudisha. Njia pekee ni mtumaji kutuma upya kutoka kwenye maandishi yake ya asili.

Majaribio matatu ya kujua kasoro iko wapi

Kabla ya kulipa fundi au kuilaumu kampuni ya simu, tunashauri mtumiaji afanye majaribio yafuatayo kwa mpangilio huu. Hayagharimu zaidi ya dakika chache.

*Jaribio la kwanza: fungua barua ileile kwa njia nyingine.* Ikiwa umeisoma kwenye programu ya simu, ingia kwenye tovuti ya huduma yako ya barua pepe kwa kivinjari na uifungue huko. Andika anwani ya tovuti mwenyewe. Usiifikie kupitia kiungo kilicho ndani ya barua. Ikisomeka vizuri huko, kasoro iko kwenye programu ya simu. Isasishe programu hiyo au tumia nyingine. Baadhi ya programu za kompyuta zina amri ya kuchagua usimbaji wa herufi katika menyu ya kutazama. Ukichagua Unicode au UTF-8, dalili ya kwanza huondoka papo hapo.

*Jaribio la pili: linganisha watumaji.* Tazama barua nyingine ulizopokea juma hilo. Ikiwa ni mtumaji mmoja tu ambaye barua zake huvurugika, kasoro iko upande wake. Ikiwa barua za watumaji wote huvurugika, na jaribio la kwanza halikusaidia, shaka inaelekea kwa mtoa huduma wako wa barua pepe.

*Jaribio la tatu: linganisha wapokeaji.* Mwombe mtumaji atume barua fupi ya majaribio, isiyo na siri, kwako na kwa mtu mwingine anayetumia huduma tofauti. Ikifika salama kwake na kuharibika kwako, basi inaharibika kwenye seva inayokuhudumia. Jambo hili hutokea hasa katika ofisi zinazopitisha barua kwenye mtambo wa kukagua virusi au wa kuongeza tangazo la kisheria chini ya kila barua. Mtambo hufungua mzigo, huongeza maneno yake, kisha huufunga tena kwa lebo isiyofaa. Watumishi wanaoandikiana ndani ya ofisi hawaoni tatizo, ila wateja wa nje huliona kila siku.

Mambo yasiyosababisha mvurugiko

Mtandao dhaifu hauvurugi herufi. Data inayosafiri kwenye intaneti huhakikiwa njiani, na sehemu isiyofika sawasawa hutumwa tena. Mtandao ukiwa mbaya, barua huchelewa au haifunguki. Haigeuzi ritifaa kuwa "’". Kwa hiyo mtumiaji asinunue kifurushi kikubwa zaidi, asibadilishe laini, wala asikubali simu yake ifutwe data zote na kupangwa upya kwa sababu hii. Akiambiwa na fundi kwamba alama hizo zimeletwa na virusi, afanye kwanza majaribio matatu tuliyoyataja.

Mvurugiko kama chambo cha wizi

Barua iliyovurugika si ushahidi wa utapeli, na barua iliyo safi si ushahidi wa uaminifu. Hata hivyo, wahalifu hutumia mvurugiko kama chambo. Mwaka 2017 iligundulika mbinu ambapo kurasa za tovuti zilivurugwa herufi kwa makusudi, kisha mtazamaji akaonyeshwa ujumbe wa kumtaka apakue fonti iliyokosekana. Kilichopakuliwa hakikuwa fonti, bali programu yenye madhara. Mbinu inayofanana na hiyo hutumia waraka ulioambatishwa, ukiwa na maneno yanayodai kwamba yaliyomo hayawezi kuonekana mpaka mpokeaji aruhusu amri fulani ziendeshwe.

Tunasisitiza kanuni tatu:

1. Usipakue chochote ili kusoma barua. Herufi za UTF-8 husomwa na simu na kompyuta zote za kisasa bila kuongeza kitu.
2. Usilipe kwa kutumia namba ya akaunti, namba ya kumbukumbu ya malipo au kiasi kilichosomwa kwenye barua iliyovurugika, hata kama unaamini umekielewa.
3. Barua ya "marekebisho" ikifika na namba ya akaunti tofauti na unayoifahamu, mpigie mtumaji kwa namba uliyokuwa nayo kabla. Usitumie namba iliyoandikwa kwenye barua hiyo mpya. Tapeli anayejua kwamba unasubiri marekebisho ana nafasi nzuri ya kukuletea ya kwake.

Namna ya kuwasilisha malalamiko

Wajibu wa kutuma ujumbe unaosomeka ni wa aliyeutuma. Benki, shule au kampuni inayodai malipo kwa barua pepe haiwezi kumtaka mteja akisie kiasi anachodaiwa. Mtumiaji ana haki ya kuomba taarifa hiyo tena, kwa barua pepe iliyorekebishwa, kwa karatasi au kwa ujumbe mfupi.

Malalamiko yanayofanyiwa kazi haraka ni yale yenye ushahidi. Kwa hiyo:

- Usiifute barua ya asili. Ndani yake kuna lebo iliyofichwa na mihuri ya saa ya kila seva iliyopitia.
- Usinakili maandishi yaliyovurugika na kuyatuma peke yake. Kunakili huyafanya makosa kuwa maandishi ya kudumu, na mtaalamu hataweza tena kuona baiti za asili. Ikiwezekana, peleka barua nzima kama kiambatisho, pamoja na picha ya kioo cha simu yako.
- Taja tarehe na saa, anwani ya mtumaji, jina la programu unayotumia, na matokeo ya majaribio matatu. Sentensi moja kama "barua inasomeka vibaya kwenye simu na kwenye kivinjari, na ni barua za mtumaji huyu pekee" humwokolea mtoa huduma siku nzima ya kuuliza maswali.
- Kabla ya kupeleka, hakikisha kwamba barua unayoiambatisha haina siri usiyotaka ionekane. Kama inayo, mwombe mtumaji akutumie barua ya majaribio, na utumie hiyo kuwa ushahidi.
- Anza na mtumaji au mtoa huduma anayehusika, na udai namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Usiporidhika na majibu, au usipojibiwa, ndipo ulilete kwa Mamlaka ukiambatisha namba hiyo.

Kwa wenye biashara ndogo na vikundi

Watumiaji wengi leo ni wapokeaji na watumaji pia. Mwenye duka anayetuma ankara, au katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa anayetuma taarifa za marejesho, anaweza kuwaepusha wanachama wake na adha hii kwa hatua chache.

Mfumo wa kutumia barua upangwe kutumia UTF-8. Kiasi cha fedha kiandikwe "Sh 450,000" badala ya "450,000/=", ili kusiwe na alama ya sawasawa mwisho wa mstari. Kila kiasi kiwe na mstari wake wenye maelezo kamili, ili hata mistari ikiunganika maana isipotee. Ankara rasmi iambatishwe kama PDF. Na kabla ya kutuma kwa watu wote, itumwe barua moja ya majaribio kwenye anwani mbili za huduma tofauti, ikiwa na neno lenye ritifaa na kiasi cha fedha ndani yake. Neno "ng'ambo" likiwa na ritifaa iliyopinda litasaidia kuonyesha kama herufi zinasomwa sawasawa.

Maswali ya kujipima

*1. Barua inaonyesha "kung’oa" kwenye programu ya simu, lakini kwenye kivinjari inaonyesha neno sahihi. Kasoro iko wapi?*
Iko kwenye programu ya simu. Mtumaji na seva hawana kosa. Sasisha programu au tumia nyingine.

*2. Barua za kampuni moja huja na "
" kila mstari. Za wengine wote ni safi. Umwandikie nani?*
Mwandikie mtumaji. Mfumo wake haubandiki lebo ipasavyo.

*3. Jina la Kiarabu la mzazi wako limefika likiwa "?????" kwenye cheti kilichotumwa kwa barua pepe. Je, fundi anaweza kulirudisha?*
Hawezi. Herufi zilitupwa kabla ya kukufikia. Omba cheti kitumwe upya, na usikipokee wala kukitumia kikiwa hivyo.

*4. Ankara inasema "Deni lako ni 85,000/=3D". Unaelewa kwamba deni ni shilingi 85,000. Je, ulipe?*
Usilipe bado. Umeielewa alama, lakini hujui ni nini kingine kimebadilika katika barua hiyo, ikiwemo namba ya akaunti. Hakiki kwanza kwa mtumaji kwa njia unayoifahamu, kisha ulipe.

Muhtasari

Herufi za ajabu katikati ya neno ni maandishi yaliyosomwa vibaya, na hurekebishika. Alama za sawasawa, ukuta wa herufi na amri za ukurasa ni kasoro za kufungasha au za lebo, na mara nyingi humhusu mtumaji au seva. Mfululizo wa alama za kuuliza ni maandishi yaliyopotea, na hutumwa upya. Katika hali zote hizo, barua ya asili itunzwe, majaribio matatu yafanyike, na fedha zisitolewe mpaka tarakimu zihakikiwe.